Sauti Iliyobisha Hodi

Msimuliaji alifika studio amechelewa, na hakumsalimu mtu. Ndivyo alivyokuwa. Redioni walimpachika jina la Asali kwa ajili ya sauti yake, naye akaliamini mpaka kichwa kikavimba. Ukiiondoa sauti ile, kilichobaki kilikuwa suti, manukato na dharau.

Wanamuziki wanne walikuwa wamekwishaketi: fidla mbili, filimbi na selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni. Walikuwa wanarekodi hadithi ya kale yenye muziki, ya zimwi lisilo na sauti linalopita mlango kwa mlango. Msimuliaji huliita, zimwi huja, na mwishoni yeye yuleyule hulirudisha kwa maneno machache juu ya wimbo mfupi. Hadithi ilitoka kwa shangazi wa mpiga selo.

"Kaka, shangazi ameomba kitu kimoja," mpiga selo alisema kwa adabu. "Ukiliita, ulirudishe hapo hapo. Tusirekodi vipande vipande."

"Shangazi yako ana studio?" Asali aliuliza, akacheka peke yake.

Wakarekodi vipande vipande. Asali alikipenda kipande cha mwito kuliko vyote, maana hapo sauti yake ilishuka chini mpaka vioo vikatetemeka. "Njoo, usiye na sauti. Njoo uchukue." Akakirudia. Akasema fidla zimemharibia, akakirudia tena, na tena. Kila mara alijisikiliza kwenye spika huku akitabasamu. Kila mara fundi mitambo alizidi kukunja uso.

"Kuna mtu anapumua," fundi alinong'ona. "Karibu na maikrofoni yako."

"Safisha mitambo yako, bwana."

Ulipofika wimbo wa kurudisha, Asali alitazama saa. "Takataka hiyo mtaibandika wenyewe. Mimi nina watu wa maana wa kuonana nao."

Akafungua mdomo aongeze neno la kuwakata maini. Halikutoka. Akakohoa. Kikohozi nacho hakikusikika. Akashika koo, akawatazama, akatoka mbio. Wao walidhani amewanunia tu, na hakuna aliyeshangaa.

Nyumbani mkewe alitoka jikoni akifuta mikono. Asali alimwonyesha koo lake. Machozi yalimlengalenga, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na jambo la kweli la kusema.

Mlango ukagongwa.

"Mke wangu, nifungulie. Nimesahau ufunguo."

Ilikuwa sauti yake. Tamu. Tulivu. Mkewe alitazama mlango. Akamtazama mumewe. Asali alitikisa kichwa.

"Samahani mpenzi, nakusumbua."

Miaka yote ya ndoa, Asali hakuwahi kumwomba samahani. Mkewe akapiga hatua. Asali akauegemea mlango kwa mgongo. Upande wa pili kitu kilipumua. Kisha kikateremka ngazi taratibu.

"Habari za mchana, mama?" ilisikika chini.

"Nzuri, baba!" jirani alijibu kwa furaha kutoka ndani kwake. "Leo umetukumbuka!"

Daktari hakuona ugonjwa wowote. Mpiga selo na wenzake walikuja, wakapiga wimbo wa kurudisha pale pale sebuleni, kwa roho safi ambayo Asali hakuistahili. Haikusaidia. Maneno ni ya aliyeita, na aliyeita hakuwa na cha kusemea. Alibaki akichezesha midomo mpaka mpiga filimbi akaangalia pembeni.

Sauti ilirudi kila siku. Ilibisha, ilimuuliza mkewe ameshindaje, ilimsifia mapishi. Mkewe alizoea kukaa karibu na mlango. Asali alianza kulala na ufunguo chini ya mto.

Asubuhi moja alipapasa chini ya mto asiupate. Akaenda sebuleni. Ufunguo ulikuwa mlangoni. Jikoni mkewe alikuwa akiimba, jambo ambalo Asali hakuwahi kulisikia humo ndani. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai, vimenywewa hadi chini, vyote bado vina joto.

Cha tatu hakikuwepo.