Asali Iliyopaswa Kuzikwa

Ndugu zangu wa mtaa wa Mamboleo, najua mmechoka kunisikia nikilisema jambo hili, lakini sitanyamaza. Hadi leo nikiletewa chupa ya asali huirudisha. Sikilizeni basi, hasa ninyi mnaouza vitu vya kuliwa.

Mambo yalianza vizuri. Jumamosi moja tulikuwa uani kwa jirani yangu Mureithi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tukitengeneza mzinga wa mbao. Yeye alikata mbao, mimi nikashika, na mkewe Wangechi akapigilia misumari vizuri kutushinda sisi wanaume. Binti yao Wanjiku, wa darasa la kwanza, alipewa kazi ya kupaka nta kwenye vijiti vya juu ili nyuki wavutiwe na harufu. Alijipaka hadi puani, tukacheka sana.

Ubaya uliingilia kwenye miguu. Mzinga wa uani huwekewa miguu, na kila mguu husimama ndani ya mkebe wa oili chafu ili siafu wasipande. Wangechi alikuwa ameshaosha mikebe.

"Miguu ya nini?" Mureithi akasema. "Hizo mbao nitauza. Weka mzinga hapo juu ya ukuta."

"Na siafu je, Baba Wanjiku?"

"Siafu watafuata nini huku? Wacha maneno mingi."

Nyuki walikuja wakakaa, wakajaza masega. Ilipokaribia siku ya kuvuna, siafu nao wakapanda ukuta wakaingia mzingani. Badala ya kukubali hasara, Mureithi alikimbia dukani kwake akaleta dawa ya mchwa, akafunua mzinga na kuimwaga humo humo, juu ya masega. Siafu wakafa, nyuki wakafa, na asali ikabaki imejaa maiti na harufu ya dawa.

"Zika yote," Wangechi alimwambia. "Hata hilo sanduku usiliache."

"Nitazika, Mama Wanjiku."

Hakuzika. Aliyabeba masega hadi stoo ya duka, akayakamua, akachuja nyuki waliokufa kwa kitambaa, akajaza chupa na kutuuzia sisi majirani huku akitabasamu. "Asali safi ya uani," alituambia, "si ile ya kuchanganywa na sukari." Nyumbani kwake je? Alipeleka chupa aliyonunua supamaketi. Hapo ndipo ninapotaka kutema mate. Mjinga ningemhurumia, lakini huyu alijua. Chupa yangu ilikuwa bado kabatini, haijafunguliwa, namshukuru Mungu.

Siku chache baadaye Wanjiku alishikwa na kikohozi. Wangechi alikuwa anakwenda soko la Kibuye, akamwacha kwa jirani, Mama Dolphine, mwanamke wa Asembo Bay asiyeweza kumsikia mtoto akikohoa na akaendelea kuketi. Alifungua chupa ya Mureithi aliyokuwa akiwawekea wageni, akakoroga asali kwenye maji moto na ndimu.

"Ni chungu," mtoto akasema.

"Kunywa tu, nyathina, mwanangu, ni ya babako."

Muda si muda mtoto alikuwa akitokwa na mate na jasho, anatapika, anahema kwa shida. Mama Dolphine alipiga mayowe, nami nikawapakia kwenye pikapu yangu mpaka hospitali. Mureithi na Wangechi, tuliokuwa tumewapigia simu, walitukuta huko.

"Mtoto amekula sumu gani?" daktari akauliza. "Niambieni haraka, ndio nijue nitampa nini."

Mama Dolphine alipiga magoti, chupa ya asali mkononi. "Ni mimi, daktari. Nilimpa asali tu. Yawa, jamani, nimeua mtoto wa watu!"

Sote tulimwangalia Mureithi, baba wa mtoto. Aliiona chupa mkononi mwa yule mama na aliitambua, maana uso ulimbadilika. Mtoto alikuwa akikoroma kitandani. Neno moja lake lingetosha. Mnajua alisema nini?

"Mama, kwani ulimpa mtoto wangu kitu gani?"

Wangechi aliichukua chupa, akainusa, kisha akamgeukia mumewe. "Ulisema umezika." Hakungoja jibu. Alimwambia daktari kwamba ni dawa ya mchwa, akamtajia na jina lake.

Wanjiku alipona. Wangechi amemchukua na kuhamia kwa dadake, huko Sondu. Sisi majirani tulirudisha chupa zetu, tukaziacha mbele ya duka lake bila kumsalimu.

FUNZO

Usimuuzie mwenzako kitu ambacho huwezi kumpa mwanao. Kikiharibika, chimba shimo ukifukie, na hasara uimeze mwenyewe. Sisi majirani tunalishiana watoto, kwa hiyo ukitia sumu kwenye chupa ya jirani umeitia kwenye kikombe cha mtoto wako. Na ukishakosa, sema mapema, hata kama utaaibika mbele ya watu wote.

Mureithi huniambia niache kumsema, kwa kuwa mtoto ni mzima. Mtoto ni mzima, kweli. Lakini juzi mtoto wangu alikohoa mlangoni kwa Mama Dolphine, na yule mama akaingia ndani akafunga mlango. Nilimsikia akilia huko ndani.