Mgeni Aliyesalimia Vizuri

Bibi alikuwa hatembei tangu avunjike nyonga. Kutwa alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akiwatoa kasoro wapita njia. Huyu kanenepa, yule kavaa shati la mwenzake. Lakini kila alasiri, mjukuu wake akirudi shule, Bibi alikwenda kutembea. Alikwenda bila kunyanyuka kitini.

Mjukuu huyo aliitwa Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa binti wa miaka kumi na sita, na kuuliza maswali ndiyo kazi yake ya kwanza. Shule ilikuwa ya pili. Maswali hayo yalimpa ushindi kwenye mashindano ya sayansi, akazawadiwa miwani ya mchezo. Si miwani ya kusomea, jamani. Ni kitu kinene kinachofunika macho yote mawili. Ukikivaa, unajiona uko nchi nyingine kabisa. Ukigeuka, unaona kilicho nyuma yako. Ukisema, wenye miwani kama hiyo walio mbali wanakusikia. Wataalamu wanauita mchezo huo uhalisia pepe. Bibi aliuita "kule".

Kule, Bibi alikuwa na miguu. Alikuwa na nyumba waliyoijenga yeye na Chiriku, na bustani pana mbele yake. Zaidi ya yote, alikuwa na mdogo wake. Mdogo wake huyo aliishi nchi ya mbali, na hawakuwa wameonana miaka mingi. Sasa naye alikuwa na miwani. Walitembea bustanini pamoja na kuwasema ndugu wote, walio hai na waliokufa. Bibi alivua miwani akiwa na uso wa msichana.

Siku moja Chiriku aliandika neno la siri la Bibi, mchezo ukakataa. Akaandika tena, herufi moja moja. Ukakataa. Akaona aingie kwa akaunti yake mwenyewe, achungulie kulikoni.

Bibi alikuwa kule tayari. Gauni lilikuwa la Bibi, kilemba cha Bibi, uso wa Bibi. Ila alikuwa anakimbia barabarani na kuwasimamisha watu. Chiriku akaitoa miwani haraka. Bibi alikuwa kitini, anamenya chungwa.

"Bibi, uko hapa?" aliuliza.

"Ulitaka niwe wapi?" Bibi akajibu.

Chiriku akakimbilia chumba cha uani. Huko aliishi mpangaji wao, Dada Kompyuta, ambaye kazi yake ni kulinda kompyuta za kampuni moja zisivamiwe. Alikuwa anaanua nguo. Alimsikiliza Chiriku hadi mwisho, jambo ambalo si watu wengi wanaliweza, kisha akaja naye mpaka kwa Bibi.

Alisema akaunti imedukuliwa, yaani kuna mtu ameingia bila ruhusa. Akamuuliza Bibi kama alizungumza na mgeni yeyote siku hizi.

Bibi alikumbuka mara moja. Kulikuwa na kijana mmoja kule, ana adabu zake. Alimwamkia shikamoo, akauliza habari za nyumbani. Akauliza watoto wangapi, na yule wa kwanza jina lake nani. Akauliza Bibi alikulia mtaa gani. Hata mbwa wao wa utotoni alimuulizia, kwa kuwa na yeye anapenda mbwa.

"Nikamjibu," Bibi alisema. "Mtu anakuamkia vizuri, utamnyamazia?"

Dada Kompyuta akamgeukia Chiriku. Akataka kujua mchezo unamuuliza nini mtu aliyesahau neno lake la siri. Chiriku akayahesabu kwa vidole. Jina la mtoto wa kwanza. Mtaa uliokulia. Mnyama wako wa utotoni. Majibu aliyaandika yeye kwa mkono wake, na yote yalikuwa ya kweli.

"Mimi nilidhani wadukuzi wanavunja kompyuta kwa hesabu ngumu," alisema pole pole.

"Wako hao," Dada Kompyuta alisema. "Lakini wengi wanauliza tu, na sisi tunawajibu."

Chiriku bado hakuelewa. Nyumba ya kizee, tena ya mchezoni, mtu anaitakia nini? Dada Kompyuta akamwambia mwizi hana haja na nyumba. Anautaka uso. Anayemwamini Bibi atamweleza uso ule kila kitu.

"Hebu fikiri," alisema. "Kama wewe ndiye mwizi, na una uso wa Bibi, ungeanza kwa nani?"

Bibi akaliachia chungwa. "Mdogo wangu," alisema.

Chiriku akachukua simu ya Bibi, akampigia. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, hola. Bibi alikuwa ameshika mkono wa kiti kama anayetaka kusimama. Mara ya tatu ikapokewa, na sauti ikaja na kwikwi za kilio.

"Dada, unanipigiaje? Si tuko wote bustanini? Tena unaniandikia badala ya kusema, eti koo linakuuma."

Bibi akamuuliza analia nini.

"Umeniuliza jina la mwanangu wa kwanza. Na wewe ndiye uliyempa jina. Nikajua ndiyo basi, dada yangu ameanza kutusahau. Nafuta machozi nikutajie."

"Usimtajie!" Bibi alisema. "Huyo si mimi. Vua miwani. Mimi niko huku, na sijamsahau mtu." Akamtaja mtoto huyo kwa jina, kwa jina la utani, na kwa kovu lake la gotini. Mpaka anamaliza, dada wote wawili walikuwa wanalia, na Chiriku naye.

Jioni hiyo waliwaandikia wenye mchezo, na akaunti ikafungwa. Wakawapigia simu jamaa na rafiki wote kuwaonya. Siku zilipita, Bibi akakaa dirishani kimya, hata wapita njia hakuwasema. Mwishowe akaunti ikarudi.

Dada Kompyuta akawakalisha chini. Neno la siri liwe refu, na lisitumike pengine popote. Liwepo na kufuli la pili: kila mara mtu anapotaka kuingia, namba itumwe kwenye simu ya Bibi, na namba hiyo asipewe mtu, hata akijidai anatoka kwa wenye mchezo. Na yale maswali matatu yajibiwe uongo.

Bibi akagoma. "Nimkane mwanangu mwenyewe?"

"Lile si swali la mtu, Bibi. Ni kufuli. Kufuli halichukii likidanganywa."

Bibi akawaza, akatabasamu. Akaomba simu na kuandika majibu mwenyewe, kwa kidole kimoja, ameikinga kwa kiganja.

Chiriku angewezaje kukaa bila kuuliza? Akasogea, akataka kujua Bibi ameandika nini.

"Shikamoo, Bibi," alianza kwa sauti ya asali.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nyumbani hawajambo, watoto wazima, mbwa mzima," Bibi alisema. "Ila jina sikutajii ng'o."

Akavaa miwani, akaenda kutembea na mdogo wake.