Vidonge vya Homa Ambayo Haijaja

Siku ya mnada Katesh, vumbi halichagui mtu. Zita alikuwa amechuchumaa nyuma ya mafungu yake ya vitunguu, kitenge cha njano amekikaza kiunoni, alipomwona kijana mrefu mwenye kofia ya sufu na kitambaa cha hospitali puani.

"Kaka, ng'ombe wetu wanakunukia?"

"Ng'ombe nimezaliwa nao Tumati, dada. Naogopa vijidudu. Nina saratani ya damu. Dawa ninazochomwa zinaua ugonjwa, zinaua na askari wa mwili."

Zita akamfungia fungu moja. Akamwongezea vitunguu viwili.

"Vya pole?" aliuliza kijana, macho yakicheka.

"Vya kukurudisha."

Margwe, ndilo jina lake, alirudi kweli, na asipokuja alipiga simu. Mwezi wa tatu wa mapenzi yao Zita akajikata kidole; kikavimba, kikatunga usaha, mwili ukachemka. Margwe akamletea vidonge kwenye karatasi.

"Antibayotiki za hospitali kubwa. Zilibaki."

"Na wewe je?"

"Mimi sina homa, mpenzi. Wewe ndiye unayeumwa. Meza."

Akameza. Dawa itokayo mkononi mwa umpendaye, nani anaihoji? Kidole kikapona. Kisha simu ya Margwe ikanyamaza siku mbili. Zita akanuna: kama amepata nesi wa mjini, aendelee naye huyohuyo! Siku ya tatu moyo ukamshinda, akapiga. Akapokea Marieta, mdogo wake Margwe, kwa kunong'ona.

"Wifi, kaka anatetemeka tangu juzi. Hospitali hataki. Anasema wataulizia vidonge vyake vya kila siku, na hana."

Zita alimwachia jirani vitunguu, akakodi gari mpaka Tumati. Margwe alikuwa chini ya mablanketi matatu.

"Ulinidanganya."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Inuka."

"Daktari atakuona mjinga, Zita."

"Anione. Nikiitwa mjinga na mume wangu yuko hai, nitacheka."

Hospitalini alisema mwenyewe, kabla Margwe hajatunga uongo mwingine: "Vidonge vyake nilivimeza mimi."

Daktari hakugomba. Alichukua damu ya kupima, akatundika dripu ya dawa papo hapo.

"Vile ni vya homa ambayo haijaja," alisema akifunga mpira wa dripu. "Havizuii kila mara, ila vinapunguza. Na homa ikimjia mtu kama huyu, vijidudu huenda vimeshaingia kwenye damu. Hata saa moja haingojwi."

Siku nne Zita hakubandua macho kwenye ile chupa. Ya tano Margwe akaomba uji, akaumaliza, akajifuta mdomo kama bwana harusi.

"Kule nyumbani ulisema mume. Nilisikia."

"Homa humsikizisha mtu mambo."

"Basi homa imeniambia nitume wazee kwenu Maretadu."

Zita akamwekea kidonge cha asubuhi kiganjani.

"Meza kwanza, nikiona. Haya, fungua mdomo."

Akafungua. Zita akachungulia muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kucheka.

"Watume," alisema.