Akaunti Sitini za Dada Mmoja

Nyota moja.

Moja tu, jamani! Na chini yake maneno manane:

"Kura za albamu hii ni bandia. Wasimamizi, zichunguzeni."

Nilikuwa saluni, mkono mmoja umeshika nywele za mteja, wa pili umeshika simu. Rasta ikanidondoka.

"Vipi, msusi? Umefiwa?" mteja akauliza, akinitazama kwenye kioo.

"Hapana... bado."

Aliyeandika alijiita Msumari. Hana picha, hana jina. Na albamu aliyoipigilia huo msumari ilikuwa ya mdogo wangu. Damu yangu! Mtoto niliyembeba mgongoni mama akiwa kazini!

Wadau, ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkanihukumu kabla ya wakati. Ingawa hukumu yenyewe naijua.

Mdogo wangu ni mpiga gitaa. Mchana alikuwa fundi wa rangi za magari, jioni na bendi yake ya watu wanne. Wanapiga prog metal. Usicheke! Ni magitaa mazito, wimbo mmoja dakika kumi na nne, mdundo unageuka kila ukidhani umeukamata. Majirani walikuwa wanasema nyumba yetu inabomolewa kutokea ndani.

Mama peke yake ndiye aliyekuwa anakaa mlangoni kumsikiliza. Mama alipofariki, mdogo wangu alijifungia na gitaa miezi minane. Akatoka na albamu.

Albamu nzuri haina miguu, lazima ibebwe. Nikatafuta wabebaji, nikawapata mtandaoni. Kuna kundi la mashabiki, kila mwezi wanachagua bendi moja isiyojulikana, wanaisikiliza, halafu wanaenda kwenye tovuti ya kupigia albamu kura za nyota. Kura zikiwa nyingi, bendi inapanda kwenye orodha na dunia inaiona. Kiongozi wao ni mfamasia mmoja mpole, na sheria yake ni moja:

"Hujasikiliza, hupigi kura."

Nikawapelekea albamu. Wakaipokea. Wakapiga kura.

Wiki mbili zikapita... thelathini na saba. Basi!

Ukurasa wa kwanza ulihitaji karibu mia. Na mdogo wangu kila asubuhi anachungulia simu kabla hata ya kunawa uso.

"Dada, zimeongezeka?"

"Zitaongezeka, mdogo wangu."

Roho ikaniuma. Mwenzenu nikaanza kufungua akaunti. Ya kwanza nikaiita Shabiki wa Kweli. Mnaona balaa hilo? Kila mteja akiwa chini ya drayer, mimi nafungua nyingine. Nyota tano, nyota tano, nne moja ya kuzugia. Na maneno matamu: "Wimbo wa mwisho umeniliza!" Zikafika sitini.

Albamu ikapaa mpaka nafasi ya tatu!

Siku hiyo mdogo wangu alininyanyua juu kama gunia. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Dada, watu wametusikia! Watu wametusikia!"

Ningesema hapo. Ulimi ulikuwa mdomoni mwangu, hakuna aliyeukata. Sikusema.

Kesho yake akaacha kazi gereji. Bendi ikachukua ukumbi, Jumamosi saa tisa alasiri, viti mia mbili. Nilivipanga mimi mwenyewe, mstari kwa mstari.

Walikuja watu kumi na tisa. Na hapo nimemhesabu mlinzi.

Walipiga onyesho lote. Mdogo wangu hakuinua uso hata mara moja. Baada ya wimbo wa mwisho mpiga ngoma aliziweka fimbo zake juu ya kiti, akaondoka bila kuaga. Bendi ikafia pale.

Siku nne baadaye ndipo alipotokea huyo Msumari.

Nikawasha moto kwenye kundi. "Kuna adui! Anataka kuwaua vijana wa watu!" Wote wakanipa pole. Mfamasia akaandika, "Tulia dada, tutamjua. Wivu hauna maficho."

Nikamwomba mwenye saluni ruhusa, nikaenda nyumbani kumfariji mdogo wangu.

Hakuwa sebuleni. Bafuni maji yanamwagika. Kompyuta yake iko wazi mezani, karibu na kikombe cha chai kilichopoa. Nikachungulia...

Juu pembeni, jina la aliyeingia: Msumari.

Nikakaa.

Akatoka na taulo shingoni. Akaniona. Hakushtuka.

"Ni wewe?" nikauliza.

"Ni mimi."

"Unajiua mwenyewe? Una wazimu?"

"Dada, nilikaa kuyasoma maoni yote niwajue hao watu. Nilitaka kujua kwa nini hawakuja." Akavuta kiti, akakaa mbele yangu. "Nikakuta wengi wanaandika 'kwakweli' kwa neno moja. Kama wewe kwenye meseji zako zote. Kwakweli nimechoka. Kwakweli nunua sabuni. Na mimi sitaki kupanda kwa kura za uongo."



"Nilitaka kukusaidia..."

"Najua. Nijibu kitu kimoja tu. Umeandika wimbo wa mwisho umekuliza. Dakika ya kumi na moja kuna nini?"



"Kuna... gitaa?"

Heri angenipiga! Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayefunga mlango taratibu ili asiwasumbue waliolala.

"Hukuusikiliza."

Ni kweli, wadau. Nilikuwa nasikiliza dakika mbili tatu, kichwa kinaniuma, nazima. Nilimpa nyota mia tatu kasoro moja, na sikumpa dakika kumi na nne.

Alifungasha nguo siku ileile.

Niliusikiliza akiwa ameshaondoka, kwenye kitanda chake. Dakika ya kumi na moja magitaa yote yananyamaza. Inabaki mikwaruzo ya simu. Halafu... mama.

Sauti ya mama! Meseji ya sauti aliyomtumia mdogo wangu zamani:

"Uko wapi wewe? Dada yako karudi kazini, miguu imemvimba. Mpashie chakula moto. Halafu mpigie gitaa kidogo, hawezi kusema huyo, ila anapenda."

Gitaa moja dogo linaingia, pole pole, hadi mwisho.

Wimbo wote ulikuwa wangu. Nililia mpaka nikapaliwa.

Mlifikiri nimemaliza kuumia? Jumatatu barua ya wasimamizi wa tovuti ikamfikia mfamasia, akanipigia anisomee.

"Akaunti sitini zimefunguliwa kutoka simu moja," akasoma. "Ni wewe, dada?"

"Ni mimi."

Akahema. "Basi sikiliza na hii. Kura nyingine thelathini na saba zilikuwa halali, wastani nyota nne na nusu. Lakini kanuni inasema albamu iliyoghushiwa kura inafutwa yote. Na kura za kweli zimeenda nayo."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo waliipenda kweli. Wengine walikuwa wananiuliza bendi itapiga lini mijini kwao. Wewe uliwafunika tu na maoni yako ya uongo."

Nilimfuata mdogo wangu gereji nyingine alikopata kazi. Hapulizi rangi tena, anapiga msasa, kazi ya wanaoanza. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama kwenye vumbi.

"Thelathini na saba?" akauliza.

"Ndiyo."

"Watu kweli? Walisikiliza mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akavua barakoa. Macho yalikuwa mekundu, sijui ni vumbi.

"Dada, thelathini na saba wangenitosha. Ningewapigia hata sebuleni."

Akairudisha barakoa, akawasha mashine. Nikaendelea kumwita jina lake, lakini kwa kelele ile hata mimi sikujisikia.

Ni miezi mitano sasa. Salamu ananijibu, kwa neno moja. Gitaa halishiki. Kundi limenitoa, na ni haki yao.

Ndugu zangu, mtu wako akikuletea kazi ya mikono yake, usikimbilie kumshangilia. Kaa kwanza. Sikiliza mpaka mwisho, hata kama huielewi, kisha mwambie ulichosikia. Wapenzi wake wachache wa kweli usiwaonee aibu, maana uongo ukiumwaga juu yao hauwaongezi. Unawazamisha.

Mimi nilikuwa na kura moja halali. Ya dada. Hiyo ndiyo sikuipiga.