Kizibao cha Njiwa

Enzi zile, nyumba ya fundi cherehani iliamshwa na cherehani. Hata chai haijachemka, ungesikia tarakatara, tarakatara, kutoka chumba cha mbele. Mkewe alizoea. Alisema, "Cherehani ikinyamaza, najua kuna jambo."

Kisha fundi aliteleza, akavunjika mkono wa kulia. Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa umekonda na vidole vimekakamaa. Hospitalini walimwambia aufanyishe mazoezi kila siku. Alijaribu mara moja. Ukamuuma, akaacha. Cherehani ikafunikwa shuka. Fundi akawa mtu wa kukaa dirishani, akikumbuka magauni ya harusi aliyoshona zamani. Alihuzunika sana.

Asubuhi moja, pu! Njiwa aligonga kioo, akaanguka. Bawa moja lilining'inia.

"Masikini!" mkewe alisema, akimfunika kwa kitambaa. "Mwenzio huyu, baba watoto."

Huruma ilimwingia fundi. Alichukua utepe wake, akampima njiwa kifua na kiuno.

"Njiwa ana kiuno?" mkewe aliuliza.

"Niachie kazi yangu."

Kwa mkono wa kushoto na meno, fundi alimshonea njiwa kizibao cha kumbana mabawa yasicheze. Kilimkaa sawasawa, bila mkunjo hata mmoja. Wakamtilia maziwa mdomoni kwa kijiko.

Punde njiwa akaanza kuhema, mdomo wazi, kichwa kimelegea. Mke alitoka mbio kumwita jirani yao, daktari wa mifugo. Daktari huyo alipofika, alichukua mkasi akakikata kizibao papo hapo.

"Fundi, umeshona vizuri mno," alisema. "Ndiyo maana anakufa."

"Nimekosa wapi?"

"Kifua cha ndege lazima kipanuke ndipo apumue. Ukikibana, unamnyonga. Tunafunga bawa tu, kwa bendeji laini, bila kukaza. Ngoja nikuonyeshe."

"Na maziwa?"

"Tumbo la ndege halikuumbiwa maziwa. Wala usimmiminie maji mdomoni, yataingia kifuani. Mweke kwenye boksi lenye matundu, mahali penye joto, giza na kimya, mbali na paka. Akitulia, mpe nafaka, na maji kwenye kifuniko. Mkimshika, mnawe mikono kwa sabuni. Siku nyingine niiteni kwanza, ndipo mshone!"

Fundi alikaa kando ya boksi, akitega sikio. Aliogopa kwamba wema wake umemuua kiumbe wa watu. Mwishowe alisikia vinyayo vikikwaruza ndani. Akashusha pumzi.

Mfupa ulipounga, daktari alifungua bendeji. Bawa lilikuwa gumu.

"Basi apumzike zaidi," fundi alisema.

"Hapana. Akizidi kukaa, bawa litakakamaa moja kwa moja. Sasa alipige, kidogo kidogo, kila siku."

Mkewe alikohoa.

"Umeshaanza," fundi alisema.

"Mimi? Nimekohoa tu."

Kesho yake fundi aliivua cherehani shuka. Alizungusha gurudumu kwa mkono wake mbovu, taratibu, huku machozi yakimlengalenga. Pembeni njiwa aliruka, akaanguka, akainuka tena.

"Wewe umeanguka, mimi nimelia," fundi alimwambia. "Hatuchekani."

"Bandu bandu huisha gogo," mkewe alisema, akawatilia wote wawili maji.

Hivyo ndivyo walivyoendelea, ndege na mtu, mpaka njiwa akaweza kuzunguka chumba kizima. Siku hiyo fundi alifungua dirisha. Njiwa alitua kwenye fremu, akageuza shingo, akaruka upandeupande hadi paa la jirani, kisha akapotea. Fundi alilia wala hakujificha. Halafu akarudi kushona.

Miaka mingi imepita. Tarakatara bado inaiamsha nyumba. Juu ya cherehani kinaning'inia kizibao kidogo, kimechanwa kifuani. Wateja huuliza ni cha mwanasesere gani.

"Ni cha mteja wangu mmoja," fundi hujibu. "Nilimbana, nusura nimuue. Naye ndiye aliyenirudisha kazini."

Jikoni, mkewe hukohoa.