Ukuta Uliofunikwa Kabla ya Maji Kupita

Ndugu zangu, wenye nyumba na mafundi, wa mjini na wa mashamba, nipeni masikio yenu kidogo. Nyumba ya Bi Zahabiya pale Kiponda haikuangushwa na mvua kubwa wala na moto. Iliangushwa na watu wawili waliokuwa wakipendana, na hilo ndilo linalonisikitisha mpaka leo.

Asubuhi ile uwanja wa ndani ulikuwa umefagiliwa, njiwa wanadonoa makombo, na Usi, fundi bomba, amekaa kwenye kigoda anakunywa chai ya tangawizi kwa mkate wa kumimina. Bi Zahabiya, mjane asiye na mtoto, mjukuu wa wauza vitambaa waliotoka Bara Hindi, alikuwa akimsikiliza kwa tabasamu. Yeye ndiye aliyempa Usi kazi yake ya kwanza, zamani, wakati hakuna aliyemjua. Tangu hapo akawa kama mama yake.

Usi alikuwa fundi kweli, lakini mdomo wake ulifanya kazi kuliko mikono. Darajani kwenye maduka ya vifaa walimtania kwa kumwita khatibu wa mabomba. Alikuwa akisema koki ichukuliwe mkononi kabla ya kununuliwa, na ikiwa nyepesi irudishwe hata kama inang'ara. Alikuwa akisema mafuta ya kukaangia hayamwagwi kwenye karo, na kwamba mwenye nyumba asiyejua koki kuu ya kufungia maji iko wapi, siku bomba likipasuka atabaki kukimbia na ndoo. Lakini wasia wake mkubwa ulihusu hizi nyumba zetu za mawe na chokaa. Ukuta wa chokaa ukinywa maji huregea, na ukiufunika kwa saruji hauwezi kukauka tena. Kwa hivyo bomba lipite nje ya ukuta, lionekane, hata kama linachukiza macho. Likilazimika kuingia ndani, lisifunikwe mpaka lijazwe maji, lilale nayo usiku kucha, na asubuhi fundi apapase kila kiungo kwa kitambaa kikavu. Akimaliza kuhubiri hujigamba kwamba kazi yake hairudiwi. Na alikuwa mkweli, mpaka siku ile.

Bi Zahabiya alikuwa na jambo linalomkosesha usingizi. Hatim, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akikaa Mbweni, alitaka kumhamisha. Alisema ngazi za nyumba ile ni kali, choo kiko chini, na miguu ya shangazi yake haina nguvu tena. Hakusema kwa ubaya, masikini, alikuwa akimwogopea. Lakini Bi Zahabiya alizaliwa ndani ya nyumba ile na alitaka afie humo.

"Usi mwanangu," alimwambia, "Hatim anakuja Ijumaa. Akikuta choo na bafu hapa juu, ubavuni mwa chumba changu, hana la kusema tena. Ataniacha kwangu."

Usi akakubali kabla hajamaliza chai. Bi Zahabiya akaomba jambo moja zaidi, mabomba yaingie ukutani, maana mke wa Hatim akiyaona yananing'inia atasema pale ni ghala. Usi alibisha kidogo, kisha akaridhia. Hakutaka kumnyima kitu mama yule.

Akachimba ukuta, akapitisha bomba za plastiki, akaziunganisha kwa moto, kiungo baada ya kiungo. Alhamisi alikuwa amemaliza, na ukuta ulikuwa bado wazi. Kilichobaki ni kujaribu kwa maji, na maji hayakuwepo. Wiki ile mtaa mzima ulikuwa mkavu, na tangi la juu ya dari lilikuwa tupu.

Hapa ndugu zangu ndipo ninapotaka mumtazame vizuri. Angeweza kuchota madumu kwenye kisima cha msikiti akayapandisha juu mwenyewe. Angeweza kumwambia Bi Zahabiya kwamba kazi haijajaribiwa, na Hatim aonyeshwe ukuta ulio wazi. Lakini ngazi zilikuwa kali kwake pia, na mama wa watu alikuwa akipita kila mara kuuliza kama itawahi. Usi akajiambia kwamba mikono yake anaijua. Akakoroga saruji kwa ndoo moja tu ya maji ya kisima, akafunika, akapachika vigae. Hakumwambia mtu.

Ijumaa Hatim alikuja, akatazama, akafungua mlango na kuufunga, akacheka. Alisema haya, shangazi abaki. Maji yaliporudi koki zilitoka vizuri, na Bi Zahabiya akampelekea Usi sinia la biriani. Mvua za masika zikaja zikapita, na kila Usi alipopita kumwamkia aliambiwa hali njema, kila kitu kiko sawa.

Asubuhi moja simu ikalia. Alikuwa Ulfat, jirani wa Bi Zahabiya. Akasema ukuta wa bafu umeanguka na umeondoka na ngazi nzima.

Usi alikimbia. Alipofika watu walikuwa wameegemeza ngazi ya miti dirishani, wanamteremsha Bi Zahabiya hatua kwa hatua, kajifunika mtandio, kajaa vumbi mpaka kwenye kope. Hakuumia. Alisema alhamdulillahi, akaomba maji ya kunywa. Usi akapanda kwa ngazi ileile mpaka kwenye tundu la ukuta, na kati ya vifusi akakiona kiungo chake. Hakikupasuka. Kilikuwa kikilia tone moja moja, na bila shaka kililia hivyo tangu siku ya kwanza. Akachukua chokaa akaibana, ikapita kati ya vidole kama uji mzito.

Hatim alipofika, Usi alimwambia kila kitu palepale, hakuficha. Hatim hakupandisha sauti. "Fundi, mimi nshakubali abaki," alisema. "Sasa nitamrudisha wapi?"

Wakaguzi wakaja wakasema nyumba isikaliwe. Mlango ukafungwa kwa kufuli, na Bi Zahabiya akachukuliwa Mbweni.

Ilimchukua Usi muda mrefu kupata uso wa kwenda. Alimkuta barazani, kwenye kiti kigeni, anatazama ukuta wa jirani. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa upole uleule. Akapiga magoti, akaomba radhi, akaeleza habari ya maji na madumu na saruji.

Bi Zahabiya alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nlijua ukuta unatoka maji."

Usi akanyanyua uso.

"Ulianza kutoa unyevu chini ya vigae, karibu na kitanda changu. Nkaweka kabati pale. Ulfat akanambia tumwite fundi mwengine atazame, nkamkataza. Wewe kila siku unasema kazi yako hairudiwi. Nkaona haya, mwanangu. Sikutaka nikuvunjie jina lako mjini."

Usi alilia mbele yake, mtu mzima yule, na Bi Zahabiya akawa anampapasa kichwa.

FUNZO LA HADITHI HII

Ile haya aliyoiona Bi Zahabiya ni pambo letu, na sisemi tuiache. Lakini si ya kumwonea fundi ambaye kazi yake inavuja. Mwambie mapema, hata kama ni mwanao, hata kama amekula sinia lako. Siku ya kwanza ule ukuta ungepona kwa kufungua kigae kimoja.

Nawe fundi, usifunike usichokijaribu. Kama maji hayapo, sema hayapo, na mwenye nyumba asubiri au akasirike. Na jina lako usilipandishe juu sana, mpaka watu wanaokupenda wakaogopa kukuambia umekosea.

Bi Zahabiya yuko Mbweni. Chumba chake ni kizuri, choo kiko hatua chache kutoka kitandani, na maji yanatoka wakati wote. Kila Ijumaa anamwomba Hatim ampitishe Kiponda, asiteremke garini, autazame mlango tu.