Dakika Ishirini za Baba

Kila siku alipotoka shuleni, Mbuke alifanya mambo yale yale. Alitundika mkoba wake kwenye msumari, akavua sare, akala michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa aliyowekewa na mama yake, kisha akawafunga ndama wawili nyuma ya nyumba. Ilipotimia saa kumi na moja jioni alichukua saa ya mkononi ya baba yake na daftari dogo la kijani, akaenda kusimama mbele ya kiti kilichokuwa barazani.

"Baba, muda umefika."

Makoye, baba yake, hakugeuka. Aliendelea kuutazama ukuta wa zizi kana kwamba kulikuwa na kitu kimeandikwa pale.

"Kesho," alisema.

Jana pia alisema kesho.

Miezi miwili nyuma, Makoye alikuwa fundi wa matimba kwenye machimbo ya Masumbwe. Yeye ndiye aliyeshuka kwanza kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kusimamisha magogo yanayozuia kuta zisiwaporomokee wachimbaji. Kwa miaka kumi na minne watu walimwamini kwa uhai wao. Kisha asubuhi moja, kabla hajashuka, kifua kilimbana kama mzigo uliokazwa kamba, jasho la baridi likamtoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Wenzake walimkimbiza hospitali. Daktari akasema ni shambulio la moyo: mshipa mmoja unaopeleka damu kwenye moyo ulikuwa umeziba, na sehemu ya msuli wa moyo ikawa imekufa.

Hakufariki. Lakini mtu aliyerudi nyumbani Samuye hakuwa yule aliyeondoka. Alikula kidogo, alizungumza kidogo, na kutwa nzima alikaa kitini.

Kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali mjini Shinyanga, yeye, mkewe na Mbuke walikutana na Bi Serafina, mtaalamu wa mazoezi tiba. Alikuwa mama mnene kidogo, mwenye sauti ya upole na macho yasiyopepesa.

"Baba Mbuke, moyo ni msuli," aliwaambia. "Ukiuacha umelala utazidi kulegea. Tutaufundisha kazi upya, polepole. Anza na dakika tano kwa siku, mahali tambarare. Ukiweza kuzungumza huku unatembea, mwendo ni mzuri. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Kifua kikiuma, simama, kaa chini, nijulisheni mara moja."

Kisha akamgeukia Mbuke. "Uko darasa la ngapi?"

"La sita, shikamoo," Mbuke alijibu, akichanganya jibu na salamu kwa woga.

"Marahaba. Basi kazi ya kuandika ni yako. Dakika alizotembea, mapigo ya moyo kabla na baada, na alivyojisikia. Kila Ijumaa unitumie ujumbe kwa simu ya mama. Hapo ndipo nitajua kama tuongeze au tupunguze."

Siku ya kwanza walitembea kuelekea mashine ya kusaga. Hawajafika mbali, walimkuta Mzee Ndaki, jirani yao, akichunga mbuzi wake kando ya njia.

"Makoye! Unakwenda wapi?"

"Natembea tu, mzee."

"Unatembea tu?" Mzee Ndaki aliangua kicheko. "Mtu mzima azunguke kama kuku aliyepotea, tena akisindikizwa na mtoto? Moyo mgonjwa hupumzishwa, bwana. Nani aliyewahi kumtibu ng'ombe mgonjwa kwa kumkimbiza?"

Makoye aligeuka palepale, akarudi nyumbani. Saa ilionyesha dakika tatu. Tangu siku ile hakutaka tena kutoka nje ya ua.

"Baba, sasa niandike nini?" Mbuke aliuliza siku iliyofuata.

"Andika unachotaka."

Siku hiyo aliandika ukweli: sifuri. Mama yake, Martina, alirudi kutoka shamba la mpunga magoti yakiwa bado na tope. Kabla hajaweka jembe chini aliuliza, "Ametembea?" Mbuke akampa daftari. Mama aliitazama ile sifuri kwa muda mrefu, akaketi kwenye kizingiti, akafunika uso kwa ncha ya kanga.

"Tunamzika huku anatutazama," alisema kwa sauti ya chini.

Mbuke hakuwahi kumsikia mama akizungumza hivyo. Maneno yale yalimkaa kifuani usiku na mchana. Kwa hiyo siku iliyofuata, baba aliposema tena "kesho," Mbuke aliandika: dakika tano, mapigo sabini na mbili, amejisikia vizuri. Mama aliposoma, alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu Masumbwe.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Tano zikawa nane. Nane zikawa kumi na mbili. Mbuke alijifunza kubadilisha mapigo kidogo kidogo ili yafanane na ya kweli. Kila Ijumaa alituma ujumbe, na Ijumaa ya tano Bi Serafina akajibu: "Hongera sana Baba Mbuke! Kwa maendeleo haya, fikisheni dakika ishirini."

Mama aliusoma ujumbe kwa sauti mbele ya kiti cha baba. Makoye alimtazama binti yake. Mbuke akatazama chini. Baba aliona aibu kukiri kwamba hajatembea tangu siku ile ya kwanza, na mtoto aliona aibu kukiri kwamba ameandika uongo. Tangu hapo hawakuweza tena kutazamana usoni wakati wa kula.

Jumapili moja mama aliamka na furaha.

"Leo tunakwenda kanisani sote, kwa miguu," alisema. "Ni dakika kumi na tano tu, na wewe Baba Mbuke sasa unatembea ishirini. Watu wakuone."

Makoye alisita. Mbuke alikuwa akifunga viatu. Ilikuwa nafasi yake ya kusema. Alifungua mdomo, akamwona mama akipiga pasi shati la baba huku akiimba kwa sauti ya chini, akaufunga mdomo. Baba alivaa shati lile. Shingoni lilimpwaya.

Mwanzoni njia ilikuwa tambarare, wakaenda vizuri. Baada ya hapo ilipanda kidogo, na kwa mbali kwaya ilikwishaanza kuimba. "Tuharakishe, tumechelewa," mama alisema, akatangulia.

"Mama Mbuke," Makoye aliita. "Subiri, mimi si..."

Hakuimaliza. Alishika kifua, akaketi vumbini na shati lake jeupe. Uso ulikuwa umeloa jasho.

"Baba!" Mbuke alipiga kelele.

Njia ya mwongo ni fupi, walimu walisema darasani. Mbuke hakudhani kwamba ingeishia pale, kwenye kile kilima kidogo, miguuni pa baba yake.

Gari dogo lililokuwa likipeleka magunia ya dengu mjini liliwachukua. Hospitali walimwekea hewa ya oksijeni na kumpima. Saa nne baadaye daktari alimwita mama kando, lakini si mbali kiasi cha Mbuke kutosikia.

"Si shambulio jipya. Moyo umezidiwa na kazi," daktari alisema. Mkononi alikuwa na daftari la kijani, ambalo mama alikuwa amelichukua kwenda nalo kanisani. "Lakini kuna jambo linalonitisha. Mtu anayetembea hadi dakika ishirini kila siku, kwa wiki nyingi hivi, hakupaswa kushindwa mwendo huu. Maana yake moyo wenyewe unadhoofika upesi. Itabidi tubadilishe dawa, tuweke kali zaidi, na mazoezi tuyafute kabisa."

"Kwa hiyo hakuna tena la kufanya?" mama aliuliza.

Daktari alimkabidhi daftari Bi Serafina, aliyekuwa ameitwa aje. Mama alijiegemeza ukutani.

Bi Serafina alikuwa amesimama kando, akifunua kurasa moja moja, uso umekunjamana kama mtu anayetafuta kosa lake mwenyewe. "Labda mimi ndiye niliyeongeza haraka mno," alisema.

Mbuke hakuweza kustahimili tena.

"Si wewe," alisema. Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine. "Ni uongo. Yote ni uongo. Baba hakutembea. Siku ya kwanza dakika tatu, basi. Zilizobaki nilizitunga mimi."

Mama aligeuka polepole. "Mbuke?"

"Ulikuwa unafurahi, mama. Uliposoma ulikuwa unafurahi."

Kutoka kitandani ikasikika sauti ya Makoye, dhaifu na ya kukatakata. "Msimlaumu peke yake. Nilimwambia aandike anachotaka. Nilijua. Nikanyamaza."

Bi Serafina alichutama mbele ya Mbuke. Hakumkaripia, wala hakuharakisha kumfariji.

"Mbuke, huko Samuye mimi sina macho," alisema. "Nilikuwa namwona baba yako kwa macho yako. Uliponionyesha kisichokuwepo, nikaagiza dakika ishirini kwa moyo usioweza hata tano. Na leo, kama ungenyamaza, angepewa dawa za moyo usio wake. Umesema ukweli kwa kuchelewa, lakini umeusema kabla ya hilo."

Daktari aliziacha dawa zile zile za mwanzo. Siku ya tatu Makoye alipimwa kwa kutembea kwenye korido ya wodi, Bi Serafina akiwa pembeni na saa. Alikwenda dakika mbili akaomba kuketi.

"Daktari," alimwambia Bi Serafina, maana kwake kila mwenye koti jeupe alikuwa daktari, "nitarudi duarani?"

"Hapana, Baba Mbuke. Sitakudanganya. Kazi ya duarani imekwisha. Na wiki tulizopoteza hazirudi. Kwa sasa tunatafuta uweze kwenda chooni bila kushikwa mkono, kisha uweze kufika kwa jirani. Mengine sijui."

Makoye aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka, na hakuyafuta.

Walirudi Samuye, wakaanza upya. Safari hii mama alitembea nao kila alipowahi kutoka shambani. Mzee Ndaki aliwaona siku ya pili, akaanza tena habari ya ng'ombe mgonjwa. Makoye hakugeuka. "Natibiwa, mzee," alisema, akaendelea kuburuta miguu.

Mbuke aliandika kila kitu kama kilivyokuwa. Dakika mbili, amechoka. Dakika tatu. Sifuri, mvua. Sifuri, amekataa, amelia. Dakika nne. Hakukuwa na la kujivunia katika kurasa zile. Ijumaa alizituma hivyo hivyo, na Bi Serafina alijibu kwa kifupi: "Nimepata. Bakini hapo hapo wiki hii."

Mwezi ulipita, na wa pili ukaanza. Jioni moja walitembea kupita mashine ya kusaga, baba akaomba kupumzika, akaketi juu ya jiwe kando ya njia. Mama alisogea kwa Mbuke.

"Leo ngapi?"

"Sita." Mbuke alimwonyesha daftari. "Jana zilikuwa saba."

"Zimepungua."

"Ndiyo, mama. Zimepungua."

Alingoja aone uso wa mama ukianguka. Ulianguka kweli, kidogo. Lakini mama alimshika bega.

"Sikiliza, mwanangu. Ulitaka kunipa furaha, na mimi niliipokea bila kuuliza, kwa kuwa nilikuwa na njaa nayo. Lakini furaha ya uongo uliibeba peke yako mpaka ikatuangusha sote. Huzuni ya kweli ni nzito, sikatai. Ila hii ya leo tumeijua watatu, kwa hiyo tunaibeba watatu. Ugonjwa unaofichwa hautibiki. Usinifiche tena kitu kwa sababu unanionea huruma. Nionee huruma kwa kuniambia."

"Nimekuelewa, mama."

Makoye bado alikuwa juu ya jiwe, akivuta pumzi kwa taabu, mkono kifuani. Nyumba ilikuwa mbali kidogo na jua lilikuwa linazama. Hawakumharakisha. Walisimama pale njiani, mama na binti, wakamsubiri.